Maji Yaliyolala: Sehemu ya Tisa

Wiki iliyopita tulimwacha rubani Horace Linklater futi elfu moja na mia mbili juu ya misonobari, na injini ya ndege yake imenyamaza.

Injini ya ndege kuukuu ikinyamaza, hupati kimya. Unausikia upepo ukipiga mluzi kwenye nyaya za maboya yanayoibeba ndege majini, na kopo la mafuta likibiringika chini ya viti.

"Mjomba," alisema Rosalie kutoka kiti cha pembeni. "Umelala?"

"Sijalala."

"Macho yako yako wazi lakini wewe humo."

Horace hakubisha. Alikuwa na miaka sitini na miwili, na ilikuwa siku ya ishirini na moja mfululizo anaruka bila kupumzika, akiwatoa watu wa kambi za mitego ya wanyama kabla maziwa hayajafunga kwa barafu. Usingizi ulikuwa umemwingia kama maji yanavyoingia kwenye buti, taratibu, mpaka ukijua tayari soksi imelowa.

Ndege ile, aina ya Biva, ilikuwa na matangi matatu chini ya sakafu, la mbele, la kati na la nyuma. Desturi ya marubani wa kwetu ni kulitumia tangi moja mpaka injini ikohoe, ndipo unageuza bomba kwenda lingine, ili lisibaki tone. Unaisikiliza injini kama mama anavyomsikiliza mtoto mwenye pumu. Safari hii injini ilikohoa mara tatu, na Horace alidhani anaota.

Akageuza bomba hadi tangi la kati. Akaushika mpini wa pampu na kuanza kusukuma, juu chini, juu chini. Pangaboi lilikuwa likizungushwa na upepo tu, halina nguvu. Misonobari ikawa mikubwa. Rosalie akaanza kuona mpaka mbegu zake.

Alipofika sukumo la kumi na nne injini ilipiga chafya, ikatema moshi mweusi, ikanguruma.

Walikuwa wamebakiwa na futi mia nne.

"Ilikuwa nini?" aliuliza Rosalie.

"Tangi la mbele limekwisha."

"Ulijua litakwisha?"

"Nilijua. Nilisahau kwamba nilijua."

Rosalie alimtazama mjomba wake, kisha akaingiza mkono ndani ya koti lake na kukipapasa kiboksi alichokibana kwapani. Kilikuwa bado na joto. Humo mlikuwa na insulini ya mama yake, na ndiyo iliyowatoa kwetu Namekosi.

Kwa aliyekosa gazeti lililopita: Philomene, mama yake Rosalie, ni dada mkubwa wa Horace, na ni mke wa Gideon Dysart. Yeye na mumewe wako kambini kwao, Ziwa Wapiskau, mwendo wa saa moja na nusu kwa ndege. Jana asubuhi Gideon alisema kwenye redio kwamba baridi ya usiku imezipasua chupa zote za dawa. Philomene ana kile kisukari cha kuchomwa sindano kila siku, na alikuwa amekosa mbili. Helikopta iliyokuwa karibu ilikuwa imezuiwa na theluji kusini. Ziwa likifunga, ndege ya maboya haitui tena, na ya miguu ya kutelezea barafuni itangoja wiki sita mpaka barafu ikomae. Philomene hana wiki sita. Hana hata moja.

Bwana Thorsteinson, mwenye ndege, alikuwa ameshaagiza Biva ivutwe nchi kavu. Horace alipomweleza, alijikuna shingo na kusema, "Nenda. Lakini sikukuambia nenda."

Saa nane mchana Ziwa Wapiskau lilijitokeza mbele yao.

"Bado halijafunga," alisema Rosalie.

Horace hakufurahi. Ukingoni barafu ilikwisha kuzunguka pande zote, upana wa hatua hamsini hivi. Katikati maji yalikuwa wazi, lakini yalikuwa yamelala.

Maji yaliyolala ndiyo yanayoogopwa na rubani wa maboya kuliko mawimbi. Hayana mkunjo hata mmoja. Ukitazama chini unaona mawingu, ukitazama juu unaona mawingu, na uso wa ziwa hujui uko wapi. Wapo waliodhani wamefika, wakaiachia ndege ikaanguka futi arobaini. Wapo waliodhani bado, wakaingia na pua. Tumewazika wa aina zote mbili.

Ndiyo maana kwetu, ukisikia ndege siku ya maji kulala, huendi gatini kupunga mkono. Unashuka kwenye mtumbwi, unawasha mashine, unazunguka mbio katikati ya ziwa na kumpigia rubani mawimbi ili aone pa kutua. Wanawake hufanya, wazee hufanya. Kuna mtu aliacha harusi yake akaenda. Kutofanya hivyo ni kama kumfungia mgeni mlango.

Horace alizunguka juu ya kambi. Bomba la jiko lilitoa moshi. Hakuna mtumbwi uliotoka.

Akazunguka tena, chini zaidi, akivuta gesi kwa kelele.

"Baba hajawahi kuacha kutoka," alisema Rosalie. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Hata alipokuwa na homa ya mapafu alitoka."

"Labda amelala."

"Usinitanie, mjomba."

"Wa kutaniwa ni baba yako, wewe sikutanii. Hebu nitolee matawi nyuma ya kiti."

Rosalie akageuka. "Hakuna matawi."

Marubani wetu hubeba furushi la matawi ya msonobari. Ukikosa mtumbwi, unayarusha majini upate alama. Asubuhi ile Horace alikuwa ameyatumia kufagia barafu kwenye mabawa, kisha akayaegemeza kwenye nguzo ya gati, akapanda ndege.

"Yako Namekosi," alisema. Alisema kama mtu anayetaja mahali alipozikwa jamaa. "Tumebeba nini?"

"Majani ya chai. Betri za redio. Mafuta ya kupikia. Unga wa ngano wa baba, kilo kumi."

"Toa unga."

"Huo ni mkate wake wa mwezi mzima."

"Rosalie."

Akauvuta mfuko mapajani, akauchana mdomo kwa meno. Horace aliteremka mpaka pale macho yalipoanza kumdanganya, akasawazisha mabawa. "Fungua mlango, sukuma kwa bega. Ukishafunguka, tikisa mfuko nje."

Rosalie alisukuma. Upepo ulikuwa na maoni yake. Nusu ya unga ilitoka, na nusu ikarudi ndani kama iliyoitwa. Ukajaa puani, ukajaa kwenye saa za ndege, ukazifanya kope za Horace nyeupe. Lakini aliponyanyua na kugeuza, aliona chini mstari mweupe, mrefu, umetulia juu ya maji kama chaki ubaoni.

Akaja kuufuata. Hakuvuta pua wala hakuisukuma, aliiacha ndege ishuke yenyewe, pole pole, akingoja. Kungoja ndiyo kazi ngumu kwa mtu aliyechoka, kwa sababu mikono inataka kumaliza.

Boya la kushoto liligusa, likafuatia la kulia. Ndege ikatulia.

Horace akaweka paji la uso kwenye usukani, akavuta pumzi mbili. Akiongeza ya tatu angelala.

Aliikaribia kambi mpaka ukingo wa barafu, akazima injini. Gideon alikuwa amesimama ufukweni peke yake, ameegemea mpini wa shoka. Ni mzee wa miaka sabini, mwembamba, mwenye kofia ya manyoya ya mnyama aliyemtega mwenyewe. Aliwatazama wawili wale walivyokuwa weupe kuanzia nywele.

"Shemeji," aliita kuvuka barafu, "mmekuja kuoka au mmekuja kuzikwa?"

"Tumekuja kukuonyesha ulivyo mvivu. Mtumbwi uko wapi?"

Gideon hakurudisha utani, na kwa mashemeji wa kwetu utani usiporudi kuna jambo.

"Ameuchukua Philomene," alisema. "Saa sita aliniambia amesikia ndege. Mimi sikusikia kitu. Nilikuwa kitandani. Kabla sijainuka akawa ameshawasha mashine, anakwenda kupiga mawimbi. Nikamsikia akizunguka, akizunguka, halafu mashine ikazima kule nyuma ya kisiwa. Nimeita mpaka sauti imekwisha."

Rosalie aliweka mkono mdomoni ukamwachia alama ya unga.

Saa sita, wasomaji, Horace alikuwa bado yuko gatini Namekosi, anatia petroli. Hapakuwa na ndege. Sukari ikipanda mno, mtu husikia anachokingoja.

"Panda," Horace alimwambia Gideon.

Walimtupia kamba. Gideon alilala kifudifudi juu ya barafu ili isivunjike, shoka mkononi, wakamvuta kama gunia la samaki mpaka kwenye boya. Hakupenda kuvutwa, na alilisema hilo kwa maneno ambayo gazeti halitayabeba.

Kisiwa kilikuwa mbali kiasi cha wimbo mmoja wa kanisani. Walikizunguka juu ya maji, injini ikinong'ona tu. Upande wa pili, pale ghuba inapobana, Rosalie aliuona mtumbwi wa alumini. Ulikuwa umesimama ndani ya barafu mpya, kama hatua arobaini kutoka maji wazi. Ndani yake palionekana koti jekundu.

"Mama."

Koti halikusogea.

Barafu ya siku ya kwanza haimbebi mtu. Ukikanyaga unazama, na ukizama kwenye baridi ile una dakika chache. Lakini kwa boya la alumini barafu hiyo hiyo ni mkasi. Kila rubani anajua hupeleki maboya kwenye barafu mpya, labda uwe umechoka na ndege yako.

Horace aliyatazama maboya. Alimtazama dada yake. Akazima injini.

"Ikipoa itakataa kuwaka," alisema Gideon.

"Ikiwaka pangaboi litakukata kichwa, kwa sababu utakaa pale mbele na shoka. Ingawa hasara isingekuwa kubwa."

"Nani angekufundisha kuvua?"

"Kaa mbele, shemeji."

Gideon alikaa kwenye ncha ya boya la kushoto, miguu imening'inia pande mbili kama mtu aliyepanda punda, akaanza kuivunja barafu. Horace alisimama kwenye boya la kulia na kafi, akaisukuma ndege nzima kwa mikono yake, hatua kwa hatua, kwenye mfereji ule. Rosalie alisukuma vipande kwa ufagio. Lilisikika shoka tu, na pumzi za watu wazee.

Katikati ya njia kipande kikubwa kiliteleza ubavuni mwa boya la kushoto. Kilitoa sauti ndogo, ndefu, kama mkasi unaokata bati.

Wote watatu waliisikia.

"Endelea," alisema Horace.

Walipoufikia mtumbwi, Philomene alikuwa amelala chali, macho wazi. Midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu. Pumzi zilikuwa nzito na za haraka, zikinukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Alimtazama mdogo wake, akautazama unga kwenye nyusi zake.

"Umezeeka," alisema.

"Ni leo tu, dada."

"Nimewapigia mawimbi mpaka nimechoka. Kwa nini hamkutua?"

Horace akamwingiza mikono chini ya mabega. "Tumetua sasa," alisema.

Walimlaza nyuma, juu ya magunia. Rosalie alikuwa amefundishwa na nesi wa zahanati yetu. Alikitoa kiboksi kwapani, akavuta dawa, akapandisha sweta la mama yake, akachoma.

"Hii itamshikilia," alisema. "Lakini si ya kumrudisha. Anatakiwa kutundikiwa maji leo, kabla giza. Nesi alisema nikiikuta pumzi hii nisingoje hata chai."

Waliufunga mtumbwi nyuma ya boya, wakarudi kwa kafi hadi maji wazi. Njiani Horace alifungua vizibo vya boya la kushoto. Boya lina vyumba sita, kila kimoja na tundu lake lililozibwa kwa mpira mdogo, na kila asubuhi rubani huvipiga pampu kimoja kimoja ili atoe matone yaliyoingia. Kwa kawaida ni pampu tatu, nne. Chumba cha pili alipiga sitini na maji yakawa bado yanakuja. Cha tatu akapiga themanini.

"Vingapi?" aliuliza Gideon.

"Viwili."

"Vinajaa upesi?"

"Vinajaa kadiri ninavyopiga."

Jua lilikwisha kushuka kwenye ncha za miti. Katikati ya ziwa, pale palipokuwa maji, Horace aliona sindano nyembamba za barafu zikianza kushikana mikono.

Injini ilikataa mara mbili. Ya tatu ikakubali. Walipanda wote wanne, mtumbwi wakauachia uelee, na Horace akasukuma mkono wa gesi mpaka mwisho.

Ndege ilinguruma. Ilinyanyua pua. Ikalima maji kama jembe. Maji yaliyolala yana ubaya wa pili, yanalinyonya boya, hayataki kuliachia. Barafu ya ng'ambo ikawa inakuja, ikawa karibu, ikawa karibu mno.

Horace akarudisha gesi. Wakasimama hatua thelathini tu kutoka ukingo.

"Hatuwezi," alisema.

"Jaribu tena," alisema Rosalie.

"Nitajaribu tena baada ya kupiga pampu. Lakini hatuwezi."

Akarudi pale pale ulipokuwa mtumbwi ukielea, maana ndiko kulikokuwa na nafasi ndefu, akatoka kwenda kupiga pampu. Alipiga akihesabu. Alipofika arobaini na tano alisikia chuma kikigonga alumini. Aligeuka. Gideon alikuwa ameketi ndani ya mtumbwi, ameshausukuma mbali kiasi cha urefu wa bawa.

"Shemeji, rudi hapa."

"Dada yako alisahau kufungua kizibo cha hewa," alisema Gideon, akilikagua tangi la mashine. "Miaka arobaini na sita namwambia fungua kizibo kwanza." Akakifungua. "Mimi ni kilo sabini. Pamoja na buti, themanini."

"Tutatupa viti."

"Tupeni na viti. Mimi nina moto nyumbani, nina kuni, nina samaki mia mbili kwenye chanja. Nyinyi mna unga kichwani tu."

"Baba," Rosalie aliita kutoka mlangoni. "Wiki sita."

"Mwaka nilipomwoa mama yako nilikaa wiki tisa peke yangu, na sikumkumbuka hata siku moja."

Kutoka ndani, juu ya magunia, sauti ilisema, "Mwongo."

Gideon alicheka. Kisha akaacha kucheka, akamtazama Horace uso kwa uso. Mashemeji wa kwetu hawaangaliani hivyo, wanataniana tu maisha yao yote.

"Mpeleke," alisema. "Nitakupigia mawimbi. Pita nyuma yangu."

Horace alisimama na pampu mkononi. Alirusha nje viti vya nyuma, kopo la mafuta, na mkoba wake mwenyewe wa nguo. Majani ya chai na betri za redio alimtupia Gideon.

Mashine ya mtumbwi ililia. Gideon alianza kuzunguka, duara juu ya duara, akiutingisha uso wa ziwa mpaka ukakunjamana wote, ukavunja zile sindano za barafu. Horace akapita nyuma yake, gesi yote. Mawimbi yaligonga maboya, tap, tap, tap, kama vidole mezani. Boya la kulia likaachia. La kushoto, lenye maji tumboni, likang'ang'ania. Akaupinda usukani kidogo, akalibembeleza.

Likaachia.

Barafu ilipita chini yao, futi tatu, kisha kumi, kisha miti.

Rosalie alianza kulia bila sauti, machozi yakichora njia kwenye unga. Horace aliigeuza ndege kuelekea Namekosi. Mabega yake yalishuka. Alianza kuhesabu: saa moja na nusu, petroli ya tangi la kati na la nyuma, giza saa kumi na moja. Inatosha, kwa kubana.

"Gideon yuko wapi?" aliuliza Philomene. Dawa ilikuwa imeanza kumrudishia akili, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya dada mkubwa.

"Amebaki, mama," alisema Rosalie. "Ndege ilikuwa nzito."

"Amebaki na nani?"

"Peke yake. Ana moto, ana samaki."

Philomene alijaribu kuketi, akashindwa, akajaribu tena. "Hamkuutazama mguu wake?"

Horace aligeuza shingo.

"Alijikata juzi akichanja kuni," alisema Philomene. "Vidole viwili vimekwenda, na wayo umepasuka. Nimemfunga kwa shuka na mkanda, ndani ya buti. Mnadhani kwa nini nilitoka mimi na mtumbwi? Hawezi kusimama mpaka ashike kitu. Nilimwambia aseme kwenye redio, akasema akisema mtakuja na mawazo ya watu wawili, na ndege ina nafasi ya mawazo ya mmoja."

Horace aliinamisha bawa kidogo ili aone nyuma.

Chini kule, mtumbwi ulikuwa bado unazunguka. Mashine ilikuwa inafanya kazi vizuri, na duara zilikuwa zinafuatana, moja ndani ya nyingine, nadhifu. Lakini aliyekuwa ameketi nyuma hakuwa ameketi tena. Kofia ya manyoya ilikuwa sakafuni mwa mtumbwi, na mkono mmoja ulikuwa umelala juu ya ukingo, vidole majini.

"Geuza," alisema Philomene.

"Mjomba, usigeuze," alisema Rosalie. Alimshika mkono wa koti. "Boya limejaa. Ukitua hatutaruka tena. Atakufa mama, na baba, na sisi."

"Horace. Nilikubeba mgongoni mwaka mzima ulipokuwa huna hata meno. Geuza ndege."

Horace aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayesoma saa mbili zisizokubaliana. Alitamani sana, kwa muda mfupi, kwamba injini ikohoe, iamue yenyewe.

Haikukohoa.

"Rosalie," alisema, "kibane hicho kiboksi vizuri. Kilichobaki humo kitatakiwa."

Akashusha mkono wa gesi, akageuza pua kuelekea mtumbwi.